Vibao Vilevile kwa Miaka Arobaini

Msomaji akituuliza aanzie wapi kumsikiliza Bill Frisell, jibu jepesi ni kumtajia albamu tano na kumwacha aende zake. Mpiga gitaa huyu Mmarekani, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1951 aliyekulia Denver, ametoa albamu zaidi ya 40 kwa jina lake tangu 1983, mbali na mamia ya rekodi za wenzake alizoshiriki. Mna jazz humo, mna kantri ya Nashville, mna muziki wa filamu bubu za Buster Keaton, mna nyimbo za John Lennon, mna makelele ya kuziba masikio aliyopiga na John Zorn, na siku hizi mna okestra nzima. Nyingi kati ya rekodi hizo hazina mwimbaji hata mmoja. Toleo hili halina orodha ya albamu tano. Dai letu ni kwamba albamu ni kipimo kibaya cha kumwendea mtu huyu. Mfuate kwa vibao. Chagua kimoja, kikamate popote alipokipiga, miaka ikipita na bendi zikibadilika, na lundo lile la rekodi litaanza kuonyesha mpangilio wake.

Wachambuzi wengi humkata vipande kwa zama. Kuna Frisell wa kampuni ya ECM ya Ujerumani katika miaka ya 1980, mpole na mwenye ukungu. Kuna Frisell wa New York mwenye fujo. Kisha kuna Frisell wa mashambani, aliyekwenda Nashville akatoa albamu yenye jina la mji huo mwaka 1997, akiwa na Jerry Douglas kwenye dobro pamoja na wapiga mandolini na banjo. Mgawanyo huu humrahisishia kazi mwandishi, lakini haulingani na kalenda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtu huyohuyo alikuwa ndani ya Naked City, bendi ya Zorn ambayo vipande vyake vingine havifiki hata dakika moja. Wakati huohuo alikuwa akipiga na Paul Motian kwenye dramu na Joe Lovano kwenye saksafoni, watu watatu bila besi, muziki wa taratibu unaoacha nafasi kubwa kati ya noti na noti. Kundi hilo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na likadumu mpaka Motian alipofariki mwaka 2011. Utaliweka kwenye zama ipi?

Inayowatoa jasho zaidi wapenda mafungu ni albamu ya Have a Little Faith, iliyorekodiwa mwaka 1992. Bendi ni klarineti ya Don Byron, akodioni ya Guy Klucevsek, besi ya Kermit Driscoll na dramu za Joey Baron. Wanaanza na Billy the Kid, muziki wa baleti wa Aaron Copland, kisha wanapita kwa Charles Ives, Bob Dylan, Muddy Waters, Sonny Rollins, Stephen Foster, hata John Philip Sousa na muziki wake wa gwaride wa bendi za shaba. Katikati ya wazee hao kakaa Madonna. Kibao chake "Live to Tell" kinachukua takriban dakika kumi, na kwa muda mrefu Frisell hafanyi lolote la kujionyesha: anaipiga sauti ya wimbo kama ilivyo, kwa adabu, kana kwamba mwimbaji yupo chumbani na yeye anamsindikiza tu. Fujo inakuja baadaye, na inapokuja inatoka ndani ya wimbo uleule. Hakuna kejeli. Mwanamuziki wa jazz wa miaka ile aliyegusa wimbo wa pop wa redioni mara nyingi alikonyeza jicho, watu wajue kwamba anatania. Frisell hakukonyeza, na sidhani albamu hiyo ingekuwa hai mpaka leo kama angefanya hivyo.

Namna anavyoutoa mlio wenyewe inahitaji maneno kidogo, maana ndiyo inayomfanya atambulike hata akiwa mgeni kwenye rekodi ya mtu. Katika rekodi zake za mwanzo, sikiliza kidole kikigusa uzi: hukisikii. Anatumia pedali ya sauti, anaubana mlio pale kidole kinapogonga kisha anauachia polepole, hivyo noti inafika bila kishindo cha kuanza, ikivimba kama pumzi ya akodioni. Juu ya hapo anaweka mashine ya mwangwi inayokamata vipande vya alichokwisha kupiga na kuvirudisha, pengine kinyumenyume, naye anajibizana na nafsi yake ya sekunde chache zilizopita. Miaka ilivyosonga pedali ile ilipungua na gitaa la Telecaster likachukua nafasi, mlio mkavu zaidi, uzi ukisikika kuwa ni uzi. Mazoea yake ya kuisukuma shingo ya gitaa ili noti itikisike kidogo yamebaki palepale.

Sasa tufuate kibao kimoja. "Baba Drame" ni wimbo wa Boubacar Traoré wa Mali, mzaliwa wa Kayes, yule aliyevuma redioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa "Mali Twist", nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Baadaye alinyamaza, akafanya kazi nyingine za kutafuta riziki, na mkewe alipofariki akaenda Ufaransa kufanya vibarua vya ujenzi. Huko ndiko alikofuatwa na watu wa muziki, na tangu miaka ya 1990 ulimwengu ukamjua upya. Gitaa lake ni la noti chache zinazozunguka bila haraka, na sauti yake haipandi sana.

Frisell alikirekodi kibao hicho kwanza katika The Intercontinentals, mwaka 2003. Ngoma alipiga Sidiki Camara, naye wa Mali. Vinicius Cantuária wa Brazil alikuwepo, na Christos Govetas wa Ugiriki na udi wake, Greg Leisz na gitaa la kulaza, Jenny Scheinman na fidla. Karatasini inasomeka kama orodha ya wajumbe wa mkutano wa kimataifa, na rekodi nyingi za namna hiyo huishia kuwa mkutano kweli, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kuhutubia. Hii haikuwa hivyo, kwa sababu zile noti za Kayes zinazozunguka zimewekwa chini na wote wamekaa juu yake. Mwaka 2008, katika History, Mystery, kibao kilekile kikarudi na watu wanane, yeye akiwa mmoja wao: fidla, viola, sello, koneti ya Ron Miles, besi, dramu na saksafoni au klarineti. Hakuna tena mtu wa Mali katika bendi. Mzunguko umebaki, lakini safari hii umegawiwa ala zinazopigwa kwa upinde. Halafu mwaka 2020 ndicho kinachofungua albamu ya Valentine, na waliobaki ni watatu tu, Frisell, Thomas Morgan kwenye besi na Rudy Royston kwenye dramu. Ni miaka 17. Aliyesikiliza Valentine peke yake amesikia kibao kizuri cha kufungulia albamu. Aliyeanzia 2003 anamsikia mtu akipunguza, akijaribu kujua ni watu wangapi unaoweza kuwaondoa na wimbo ukaendelea kusimama.

Hapo ndipo ninapoona kwamba msikilizaji wa huku kwetu ana faida ambayo haitumii. Tumezoea kusema hatuna subira na muziki usio na maneno, kwamba tunataka ujumbe. Si kweli kabisa. Taarab ya Unguja hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu, ingawa ni kweli kwamba nusu ya ukumbi huwa bado inatafuta viti. Na kwenye dansi, nani asiyejua kwamba mwimbaji akishamaliza beti zake ndipo watu wanaposimama? Gitaa la solo la Docteur Nico wa Kinshasa au la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz lilikuwa na wafuasi ambao ungewaondolea maneno yote na wasingedai kiingilio chao. Sebene, sehemu hiyo ya magitaa, hurudia. Msikilizaji wake hachoki na kurudia, anachosubiri ni kile kidogo kinachobadilika katika mzunguko wa tano au wa sita. Jazz ya Kimarekani kwa kawaida huutaja wimbo mara moja, ikauacha, wapigaji wakaenda kuonyesha ufundi, wakaurudia mwishoni. Frisell hukaa ndani ya wimbo. Huupiga tena na tena, akihamisha noti moja, akiacha nyingine isipigwe kabisa. Sidai kwamba ameyatoa hayo Kinshasa au Morogoro. Nasema masikio yaliyolelewa na sebene yameshafunzwa kazi hiyo.

Kuna vibao vyake mwenyewe vinavyofuatika kwa namna hiyo pia. "Throughout" kilikuwa katika In Line, albamu yake ya kwanza, ya 1983; mtunzi Mwingereza Gavin Bryars akakichukua na kukijengea kipande chake, Sub Rosa; na mwaka 2024 kikasikika tena katika Orchestras, kikiwa kimepangwa na Michael Gibbs, ambaye alimfundisha Frisell akiwa kijana pale chuo cha Berklee, Boston. "Rambler" ni cha katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2018 kimo mara mbili katika Music IS, ambako Frisell yuko peke yake na magitaa yake, akipekua mambo ya zamani. Mtu mwenye haraka anaweza kuanzia na Music IS kisha akarudi nyuma kutoka hapo. Huo ndio mlango mmoja ninaoweza kuupendekeza bila kuhalifu msimamo wetu.

Wapo wanaosema kwamba mtu anayetoa rekodi nyingi hivi hajui kuchuja, na sitawapinga kwa kila walichokisema. All We Are Saying ya 2011, ile ya nyimbo za Lennon, imepigwa kwa mapenzi makubwa mno. Nyimbo zimeachwa ziende zilivyo, na mtu anayezijua hasikii sana kwa nini asirudi kwa Lennon mwenyewe. Guitar in the Space Age!, ya 2014, ni ya mtu anayekumbuka ujana wake, na kumbukumbu za mtu mara nyingi humpendeza yeye kuliko wageni. Unspeakable ya 2004 ilimpatia tuzo ya Grammy. Kwangu mimi haimo hata katika kumi zake bora, lakini tuzo hazikuwahi kuniuliza. Hata hivyo, hizo dhaifu nazo zina kazi yake. Disfarmer ya 2009, iliyotungwa kwa ajili ya picha za Mike Disfarmer, mpiga picha wa Heber Springs, Arkansas, ina vipande vingi vifupifupi vinavyorudiarudia sauti zilezile. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona imepoa. Baadaye nikaziangalia picha zenyewe, wakulima na wake zao wamesimama studio moja, ukuta mmoja, mwanga mmoja, wakimtazama mpiga picha yuleyule, na nikaona kwamba isingefaa kupigwa vinginevyo.

Kwa hiyo makala za toleo hili zimepangwa kwa vibao. Ya kwanza inakaa na "Live to Tell" tangu mwanzo hadi mwisho, na mwandishi wake anaichukia ile sehemu ya fujo kuliko mimi. Ya pili inamrudia Boubacar Traoré na kuuliza malipo ya mtunzi huenda wapi wimbo unapovuka bahari. Ya nne ni ya mpiga gitaa wa bendi ya dansi, aliyejaribu kuutoa mlio ule wa pedali kwenye gitaa la kukodi na akaeleza kwa mpangilio alichofanya, nyuzi alizotumia na mahali aliposhindwa. Ukurasa wa mwisho una vibao vinne na miaka vilipotoka, vya kusikilizwa kwa mfuatano. "Monica Jane", kibao cha Frisell mwenyewe, hakimo, ingawa ndicho nilichotaka kianze: mwandishi wa makala ya tatu amekichambua kwa kurasa nane, na amenionya nisimharibie.