KAZI YA KUKANDA: URITHI WA KUSIFIWA AO UFUNDI WA KULIPWA?

Katika vitabu vidogo sawa hiki tunapenda kusifu mila. Tunasifu ngoma, tunasifu mithali, tunasifu namna ya kuposa na namna ya kuzika. Leo tunataka kusema juu ya mila moja ambayo kila mtu hapa Bukavu anaitumia na hakuna anayeiheshimu, ndiyo kazi ya wakandaji. Tunasema kazi, na neno hilo tumelichagua. Kuna watu wa aina mbili wanaoiua, na wote wamesoma: yule anayesema ni ushenzi, na yule anayesema ni zawadi ya wazee isiyoguswa.

Tuangalie mambo yanavyokwenda. Kijana anaanguka na moto kwenye mteremko, kifundo cha mguu kinavimba. Mbele ya mtu yeyote kutaja hospitali, jirani anasema: "Mumupeleke kwa ule mama, iko na mikono." Mwanamke aliyezaa anakandwa na maji ya moto. Mtoto mchanga ananyoshwa viungo na mafuta ya ng'ombe ao ya ngazi. Mzee mwenye mgongo mgumu, mchezaji mpira aliyeteguka, mama aliyebeba makala kutoka asubuhi, wote njia yao ni moja. Na wanaopita njia hiyo si wajinga tu. Wamo maprofesa, wamo mapasta, na wauguzi vilevile, ila hao wanakwenda usiku.

Juu ya nini wanakwenda? Wakubwa wa ofisi wanasema ni ujinga. Sisi tunasema ni hesabu. Ku hospitali kuna fishi, kuna radio, kuna plasta, kuna kitanda, na ukishindwa kulipa fakture unaweza kuzuiliwa mule ndani hata kama umekwisha kupona. Mkandaji anapokea kuku, chupa ya kasiksi, ao "aksanti mama" tu. Mtu asiye na mshahara atachagua wapi? (Sisi walimu hesabu hiyo hatuhitaji kufundishwa.)

Lakini tusiwafiche wasomaji upande wa pili. Mfupa uliovunjika ukifungwa na mianzi na kamba za mgomba kwa nguvu kupita kiasi, mguu unavimba ndani ya kamba, damu haipiti tena, vidole vinakuwa baridi, kiisha vinakuwa vyeusi. Mgonjwa anafika hospitali kukatwa mguu ambao ungeweza kupona. Jambo hilo limeonekana katika inchi nyingi za Afrika, si kwetu peke yake. Na yule anayekanda tumbo la mwenye mimba kwa nguvu eti "kugeuza mtoto", anaweza kupasua kizazi na kuua watu wawili mara moja. Hapo hatuna mila ya kutetea.

Kuna tena ile desturi ya kuku. Wengine wanaounga mifupa wanamvunja kuku mguu, wanamfunga sawa mgonjwa, na siku kuku anapotembea wanasema na mtu atembee. Wanafunzi wetu wa biolojia wanajua kujibu: mfupa wa kuku unaunga kwa majuma matatu hivi, lakini mfupa wa paja la mtu mzima unaomba miezi mitatu na zaidi. Anayesimama kwa saa ya kuku atavunjika mara ya pili. Hata hivyo, tazama akili iliyomo ndani: wazee walijua kwamba mfupa unaomba muda, na walitafuta kitu cha kupima muda huo. Kipimo njo kilikuwa kibaya, wazo lilikuwa zuri. Mtu mwenye wazo zuri na kipimo kibaya, dawa yake ni kumfundisha. Kumfunga gereza hakutampa kipimo kingine.

Na yale ya kumfundisha si mengi. Kugusa vidole baada ya kufunga, kuuliza kama kuna ganzi, kulegeza kamba uvimbe unapopanda, kutokugusa mfupa uliotoboa ngozi, kutokugusa tumbo la mimba, kujua wakati wa kusema "huyu aende ku hospitali leo hii". Mwanzo wa haya yote ungefundishwa kwa alasiri moja. Nani amepoteza alasiri hiyo kwa ajili yao?

Watatuambia kwamba sheria ni sheria. Vema. Madaktari wa inchi hii walipata Ordre yao mwaka wa 1968. Wauguzi walingoja mpaka sheria ya mwaka wa 2016. Maana yake, hata muuguzi, ambaye alichoma sindano tangu wakati wa Wabeleji, alikaa zaidi ya miaka hamsini ya uhuru bila Ordre. Kazi haizaliwi na karatasi. Watu wanaifanya kwanza, kiisha wanajipanga, kiisha wanadai karatasi. Na tangu mwezi wa Septemba 1978, pale Alma-Ata, mataifa yalikubali kwamba waganga wa jadi, fasi wanapohitajika, waingie katika kazi ya afya ya msingi, wakiisha kufundishwa inavyofaa. Kwa mkandaji maneno hayo yamebaki kwenye makaratasi.

Wengine wanacheka: "Masaji? Ile ya mahoteli?" Ndiyo, tunajua neno hilo limechafuka, na dada anayesema anafanya masaji anatazamwa vibaya. Lakini wanaocheka wasome historia. Kule London mwaka wa 1894 nyumba nyingi za masaji zilikuwa na sifa hiyohiyo, na gazeti la madaktari Waingereza lilipiga kelele. Wanawake wane, wauguzi na wakunga, hawakuacha kazi yao juu ya haya. Walianzisha chama, wakaweka mtihani na kanuni za adabu. Chama hicho njo leo kinaunganisha wafizioterapi wa Uingereza, wale ambao sisi tunawaita makine. Kumbe kine mwenye koti jeupe ni mjukuu wa mkandaji! Hafai kumdharau nyanya yake.

Sasa tugeukie wenzetu watetezi wa mila, maana hao wanatuumiza zaidi. Wanasema mikono ni damu, haifundishwi inje ya ukoo. Tuwaulize: tangu vita vya 1996, wazee wangapi wa Kalehe, wa Shabunda, wa Walungu walikufa ao walikimbia vijiji vyao, na ni ukoo gani uliopokea mikono yao? Ujuzi unaokaa ndani ya damu tu unamwagika pamoja na damu. Wanasema tena kwamba kuomba bei kunaharibu zawadi ya wazee. Mbona mhunzi alilipwa zamani, na jembe lake lililima? Wanaosema mama mkandaji asiombe franga wanalipwa kila mwezi, hata kama ni kidogo, hata kama inachelewa. Mtoto wake wa kike anamwona mama akirudi na kuku mmoja kwa siku tatu za jasho, naye anachagua kuuza unite za simu. Tunaweza kumlaumu?

Tusidanganyane pia kwamba semina moja itatosha. Katika miaka ya 1970 na 1980 zoni za afya nyingi ziliwafundisha matrone wa vijiji. Walipewa siku chache na vyombo kidogo, na wengi wao hawakupata mtu wa kuwafuata wala wa kuwalipa. Baadaye Shirika la Afya Ulimwenguni na Serikali waligeuka, wakataka kila mama azae mbele ya mkunga aliyesoma. Sababu zao zilikuwa za kweli, kwani damu inayomwagika baada ya kuzaa haingojei. Lakini matrone walirudishwa nyumbani sawa nguo zilizochakaa. Wakandaji wakiingizwa kwa mlango huo, watatokea kwa dirisha lilelile.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo, na tunaliomba kwa watu wanaojulikana. Vijana wanatoka kila mwaka na diplome za kutunza wagonjwa, na wengi wanakaa nyumbani bila kazi. Zoni ya afya moja tu, Kadutu kwa mfano, iandike majina ya wakandaji wake. Kila kijana apewe wakandaji watano wa kutembelea kila juma: awaonyeshe alama za hatari, naye ajifunze kutoka kwao namna ya kushika mgonjwa bila kumtisha, jambo ambalo shule haikumpa. Mkandaji akimpeleka mgonjwa hospitali mapema, apokelewe na barua yake isomwe, asifokewe mbele ya watu. Bei ibandikwe mlangoni, na sehemu yake iwe ya mkandaji. Na chama chetu cha utamaduni, chenye kukusanya michango kwa ajili ya sherehe ya ngoma, kitoe ya mwaka mmoja kwa kazi hii. Ngoma zitangoja. Yule mama mwenye mikono amekwisha kupita miaka sabini.