Ukitoka Saiba, Usiache Kitambulisho Chako Ndani ya Mashine

JICHO LA MTAA
Na Juma Wekesa

Rais William Ruto alipozindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen mnamo Juni 2023, foleni hazikuisha. Zilihama tu kutoka madirisha ya ofisi hadi saiba za Umoja, Kayole na Dandora. Huko ndiko vijana wanakoombewa cheti cha tabia njema na akina mama wanakotafutiwa PIN ya KRA. Kijana wa saiba anabonyeza Windows, Shift na S, anazungushia namba ya malipo, anaibandika kwenye Word, anachapisha. Anayefuata!

Haraka hiyo naipenda. Kinachonikera ni mabaki. Vitufe hivyo hufungua Snipping Tool, na toleo lake la sasa katika Windows 11 hujihifadhia picha za skrini kwenye folda ya Screenshots, uombe usiombe, mpaka mtu azime mpangilio huo. Mteja anayekalia kiti chako akifungua folda hiyo anapata jina lako, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa.

Wengine hujitetea kwamba walikata sehemu nyeti. Machi 2023 iligundulika kuwa picha iliyokatwa kwa Snipping Tool ya Windows 11, kisha ikahifadhiwa juu ya faili lile lile la awali, ilibaki na data ya sehemu iliyokatwa, na mjuzi angeweza kuifufua. Simu za Google Pixel zilikuwa na dosari kama hiyo. Microsoft ilitoa marekebisho mwezi huo huo, lakini niambie ni saiba ngapi za mtaani huachia mashine zijisasishe huku bando linakatika.

Kuziba nako kuna ufundi wake. Kufifisha namba kwa vimraba hakutoshi: tarakimu ni kumi tu, na programu inaweza kuzijaribu moja moja hadi zioane. Kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya picha ndani ya Word ni kibaya zaidi, maana atakayetumiwa faili atakisogeza kwa kipanya asome kila kitu. Ziba kwenye picha yenyewe, katika Paint, kwa rangi nzito, kisha hifadhi kama faili jipya.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Faini ya Kamishna wa Kulinda Data inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa saiba ya mashine nne, asilimia hiyo ni pesa ya chai. Labda ndiyo maana hakuna anayetetemeka.

Wenye saiba, futeni folda hiyo kila jioni, pamoja na Recycle Bin. Nawe mteja, kabla hujalipa, mwambie kijana afute picha zako ukiwa umesimama hapo, kisha utoke kwenye WhatsApp kama uliifungua katika mashine yake.