Chai na Sufuria Zetu



Kuna maneno yanayozunguka sokoni Chwele, kwamba chai ina madini ya alumini na mnywaji atapotewa na akili. Wengine wameanza kuiacha. Jambo hilo la akili halijathibitishwa.

Ni kweli mchai hunyonya alumini katika udongo wenye uchachu, na majani makuukuu huwa nayo kuliko machanga. Lita moja ya chai yaweza kuwa na miligramu 2 hadi 6. Lakini tumbo halipokei yote: katika sehemu 1,000, hata 5 haziingii damuni, na figo nzima huzitoa kwa mkojo. Mwaka 2011 wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa waliweka kipimo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, yaani 120 kwa mtu wa kilo 60. Hesabu vikombe vyako mwenyewe!

Limau huongeza kiasi kinachoingia damuni. Mwenye ugonjwa wa figo na amwulize daktari.

Sisi twaogopa zaidi sufuria zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, Kenya ikiwamo, vilipimwa, na theluthi moja hivi vilitoa risasi ya kudhuru. Nyanya zikilala humo, uchachu wake hula chombo. Basi tajiri anayewapikia watu wake kazini, twamtaka anunue sufuria njema, wala asikate bei yake katika mishahara yetu.