Mgeni wa Maji Safi Naye Apewe Jembe

Kila mwaka shule na vyuo vya ng'ambo vinapofungwa, huonekana mjini Kisumu vijana wa Kizungu wenye mikoba mikubwa mgongoni. Wamejitolea. Wanaelekea Nyakach, Bondo au hata Bunyala, karibu na Port Victoria, kuwafundisha wanakijiji kuchemsha maji na kunawa mikono. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji hupona?

Swali hili si la kejeli. Maji machafu huua, na walio wepesi kuuawa ni watoto wachanga. Jibu lake nalo tunalo hapa hapa nyumbani.

Mwaka 1998 shirika moja la misaada kutoka Uholanzi lilianza mpango wa kutoa dawa ya minyoo na kichocho, kwa awamu, katika shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, huko Busia. Pamoja na tembe, watoto walifundishwa kwa bidii: nawa mikono, vaa viatu, jihadhari na maji ya ziwa. Wachunguzi waliporudi walikuta tembe zimewafaa watoto sana. Mafunzo, kwa upande wake, hayakuwa yamebadilisha mwenendo wao.

Usidhani ni ukaidi, msomaji. Viatu hununuliwa kwa pesa. Na mtoto wa kandokando ya ziwa huchota maji humo, hufua humo na huwasaidia wazazi kuvuta nyavu humo humo. Kumwambia asiguse ziwa ni kama kumwambia mtoto wa Nyalenda asikanyage njia. Somo lilikuwa la kweli. Kilichokosekana ni uwezo wa kulifuata.

Mmoja wa wachunguzi hao, Mmarekani Michael Kremer, mara ya kwanza alikuja kwetu kwa kujitolea. Alipomaliza masomo Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1985, alifundisha katika shule ya sekondari magharibi mwa Kenya, na mwaka 1986 akashiriki kuanzisha WorldTeach, shirika la kupeleka walimu wa kujitolea katika nchi nyingine. Wageni wengi hupiga picha wakaenda zao. Yeye alirudi tena na tena, na mwaka 2019 akatunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Jembe lake lilikuwa kupima kama msaada unasaidia kweli.

Tazama habari ya chemchemi za Busia. Chemchemi zilipojengewa saruji na kuwekwa bomba la kutolea maji, uchafu wa kinyesi katika maji pale kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66. Lakini maji yaliyopimwa nyumbani hayakuwa safi kiasi hicho. Njiani yaliingia kwenye mtungi usiosafishwa, na nyumbani yakachotwa kwa kikombe na mkono ukazama ndani. Hata hivyo, kuhara kwa watoto kulipungua kwa kiasi cha robo.

Hapo likazuka wazo jingine: kuweka tangi dogo la klorini pale pale kwenye kisima. Mama hugeuza kifungo, kipimo cha mtungi wa lita 20 hudondoka, kisha maji humiminwa juu yake. Safari ya kurudi nyumbani hukoroga dawa, na dawa inayobaki huendelea kuyalinda maji mtungini. Ilitolewa bure, na aliyesimamia tangi alikuwa jirani aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Dawa hiyo hiyo ilipouzwa dukani, ni wachache walioinunua, ingawa wengi walikwisha kusikia faida zake.

Kule Homa Bay, akina mama wafinyanzi nao walitengeneza mitungi ya udongo yenye mdomo mwembamba, kifuniko na mfereji mdogo, ili mkono usiguse maji. Maji hubaki baridi kama watu walivyozoea. Mjini Kisumu, shirika la SWAP, lililoanzishwa mwaka 2005, lilitumia vikundi vya wanawake kupeleka dawa ya maji nyumba hadi nyumba. Jirani humwambia jirani, na kesho yake wanakutana tena kisimani.

Kwa hiyo mgeni akija, tumkaribishe, lakini tumuulize: Utakapoondoka, nani atajaza tangi? Mama mwenye watoto watano ataifuata vipi kazi unayomwongezea? Na utajuaje kama watoto wamepungua kuhara?

Nanyi wanafunzi mnaosubiri matokeo ya mtihani, msiwaachie Wazungu peke yao kazi ya kujitolea. Mnajua Kidholuo, Kiluhya na Kiswahili, na nauli ya kwenda kwa nyanya haihitaji visa. Ila msiende na hotuba. Kijana wa mjini naye ni mgeni kijijini. Achukue mtungi afuatane na akina mama kisimani kabla hajafungua kinywa.

Wazazi nao wasicheke. Siku mifereji ya mjini inapokauka, maji ya ndoo tunayaweka wapi, na tunayachota na nini? Chunguza leo jikoni kwako. Ukikuta kikombe kinaelea ndani ya ndoo isiyo na kifuniko, ujue kazi ya kujitolea ianzie hapo.