Betri ya moyo iliyotumika: ungekubali?

Mnamo Novemba 2024, mkutano wa madaktari wa moyo jijini Chicago, Marekani, ulipokea matokeo ya utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan. Watu karibu 300 kutoka nchi 7, Kenya ikiwemo, waliwekewa betri za moyo. Baadhi walipata mpya, wengine wakapata zilizowahi kutumiwa na watu wengine, zikakaguliwa na kusafishwa upya hadi viini vyote vikafa. Baada ya siku 90, maambukizi hayakuwa mengi zaidi kwa waliopata zilizotumika.

Mitumba ya nguo na magari tumeizoea. Lakini ya kifuani?

Kabla ya kujibu, jua kama unaihitaji. Keti utulie dakika chache, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima, chini ya 60 ni polepole, ila hilo pekee si ugonjwa. Mkimbiaji wa Iten anaweza kuwa na 45 na akakushinda mbio. Tunaanza kuhofu mapigo hayo yanapoandamana na kizunguzungu, kuzirai, kuishiwa pumzi au uchovu usioelezeka. Kwa mtoto mchanga aliye macho, chini ya 100 ni polepole mno. Mpeleke hospitalini mara moja. Na mzazi, mtoto akizirai akiwa anakimbia, usikubali aitwe mwenye kifafa kabla hajafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, kile cha nyaya zinazobandikwa kifuani.

Ukienda kwa daktari, beba dawa zako zote. Atenolo na propranolo za shinikizo la damu hupunguza mapigo, na hata matone ya macho ya timololi kwa wenye presha ya jicho. Wagonjwa wengi husahau kutaja matone, eti si dawa ya kumeza. Usiache dawa ghafla kwa uamuzi wako. Moyo unaweza kudhurika. Tezi ya shingo iliyozembea pia huchelewesha mapigo. Sababu hizo zikirekebishwa, mara nyingi betri haihitajiki.

Ila njia ya umeme ndani ya moyo ikiwa imeziba au kuchakaa, hakuna kidonge cha kuitegemea. Ni betri. Hapo ndipo familia huanza harambee, na mgonjwa huendelea kuzirai huku michango ikihesabiwa.

Zilizotumika hutolewa kwa marehemu kwa idhini ya familia. Huko Marekani ni lazima kuziondoa kabla ya maiti kuchomwa, kwa kuwa hulipuka motoni. Huchaguliwa zenye uhai wa miaka kadhaa, na nyaya zinazoingia moyoni huwa mpya.

Siku 90 ni muda mfupi, nakubali. Lakini mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,051 wa Mexico, Guatemala, Honduras na Dominican Republic waliowekewa vifaa vilivyotumika. Katika miaka 2, asilimia 2.0 walipata maambukizi, dhidi ya 1.2 kwa Wakanada waliowekewa vipya. Kitaalamu, tofauti hiyo haikutosha kuwatenganisha. Mimi, kati ya betri ya marehemu leo na mpya isiyojulikana itanunuliwa lini, ningemchagulia mama yangu ya leo.

Kuna tatizo moja. Watengenezaji huziandikia kuwa ni za kutumika mara moja, hivyo kwa sasa hupatikana kupitia utafiti na misaada yenye usimamizi. Mtu akikuuzia moja kwenye ukumbi wa hospitali, kataa. Unapopewa kihalali, uliza imebakisha miaka mingapi, nani ataikagua, na itakapoisha nani atagharimia nyingine. Jibu la swali la mwisho lidai kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.