Dosye ya mauaji inakufa asubuhi ya kwanza, kabla juji hajaiona

Karibu kila mara inaanza hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, mama mwenye kwenda shambani anakuta mwili pembeni ya njia. Anapiga kelele, kartie nzima inatoka. Saa moja ikifika, watu mia wamekwisha kukanyaga pale. Mmoja amegeuza maiti ili aone uso. Mwingine ameokota maganda ya risasi na kuyatia mfukoni. Vijana wamepiga picha, na picha zimekwisha kuvuka mupaka ndani ya WhatsApp. Saa nne familia imechukua mtu wake, imemuosha, imemuvika nguo safi. OPJ, yaani afisa wa polisi mwenye kazi ya uchunguzi, anafika saa sita juu ya moto iliyolipwa na familia yenyewe. Anaandika karatasi mbili. Jioni watu wanazika.

Miezi kisha, mshukiwa anaonekana tena sokoni. Kila mtu anasema: "Alilipa." Pengine alilipa kweli, rushwa iko, na hakuna mkaaji wa Kivu, Ituri ao Maniema mwenye kungojea radio ndipo aijue. Lakini mara nyingi hata juji mwenye mikono safi asingeweza kumufunga mtu yule, juu ndani ya dosye hamna kitu. Kuna jina la marehemu, jina la mshukiwa, na watu watatu wenye kusema "tulisikia". Katiba, kipengele cha 17, inasema mtu ni asiye na kosa mpaka hukumu ya mwisho imutie hatiani. Mashaka yanamufaidia mshitakiwa. Na mashaka ndiyo kitu kinachotengenezwa asubuhi ile ya kwanza, pale ambapo kila mtu anafikiri anasaidia.

Sheria yetu ya makosa, ile ya tarehe 30 Januari 1940, haina neno moja tu kwa kifo cha mtu. Kuua kwa kusudi ni kipengele cha 44, azabu yake kifungo cha maisha. Kuua kwa kupanga mbele ni kipengele cha 45, azabu yake kifo. Kupiga mtu bila nia ya kumuua, kisha akafa, ni kipengele cha 48: miaka mitano mpaka ishirini. Kusababisha kifo bila kusudi ni kipengele cha 53: miezi mitatu mpaka miaka miwili. Maiti ni ileile, lakini kati ya kamba ya kunyongea na miezi mitatu ya gereza, kinachotenganisha ni ushahidi. Aliyepigwa nyundo mara sita nyuma ya kichwa hakuanguka kwa ulevi. Lakini nani alihesabu mara sita? Kama muganga hakuona kichwa kile, avoka wa mshitakiwa atasema walipigana, akateleza, akaangukia jiwe. Hiyo si ujanja wa uongo, ni kazi yake.

Na hapo kuna tobo ambalo wakaaji wengi hawalijui. Kwa ubakaji, sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 ilibadilisha utaratibu wa mashitaka: mwenye kuongoza uchunguzi anapashwa kumuita muganga pamoja na mtaalamu wa mambo ya akili, bila kungojea mtu amuombe. Kwa mauaji, utaratibu wa tarehe 6 Agosti 1959 unasema tu kwamba anaweza kuita mtaalamu ao muganga. "Anaweza." Ndani ya neno lile moja munaingia kila kitu: hakuna pesa ya muganga, hakuna mafuta ya gari, barabara mbaya, familia iko na haraka ya kuzika. Mtu mwenye kuuawa, mbele ya karatasi, ana haki kidogo ya kuangaliwa na muganga kuliko mtu aliyebaki muzima.

Matunda ya ile sheria ya 2006 yameonekana hapa kwetu. Kavumu, Kivu ya Kusini, wasichana wadogo waliibwa usiku ndani ya manyumba ya wazazi na kubakwa, miaka kadhaa mfululizo, na watu waliothubutu kusema waliuawa. Kwa muda mrefu kila kisa kilishikwa peke yake, kama ajali. Dosye za waganga wa hospitali ya Panzi, zilizoandikwa mtoto kwa mtoto, ni kati ya vitu vilivyosaidia kuonyesha kwamba ni jambo moja lenye kupangwa. Tarehe 13 Desemba 2017, korti ya kijeshi, iliyohamia Kavumu kwenyewe ili wakaaji waone, ilimuhukumu mbunge wa jimbo Frédéric Batumike na wenzake kumi kifungo cha maisha kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Haikuhitaji mashine kubwa za Ulaya. Ilihitaji muganga mwenye kuandika kila mara, siku ileile, na mtu wa kulinda karatasi zake.

Lakini muganga peke yake hatoshi, na kisa cha Floribert Chebeya kinafundisha hilo vizuri kuliko masomo yoyote. Tarehe 1 Juni 2010 mtetezi huyu wa haki za binadamu alienda kwenye ofisi kuu ya polisi Kinshasa, pamoja na dereva wake Fidèle Bazana. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari yake, Mitendi, kwenye njia ya kwenda Matadi. Ndani ya gari mulikuwa kondomu na nywele za mwanamuke. Yaani mahali pa kifo palipangwa ili watu waseme: ni mambo ya wanawake, moyo ulishindwa. Waganga kutoka Uholanzi walisaidia kufanya otopsi. Waliona moyo wenye ugonjwa, wakaona pia alama za kuumizwa kwenye viungo. Kila upande ulichukua mustari unaoufaa.

Miaka kumi na zaidi ikapita. Mwaka 2021 polisi wawili waliokimbilia inje walisema mbele ya wanahabari kwamba watu wale wawili walifungwa mifuko ya plastiki kichwani mpaka wakakosa pumzi. Wataalamu wa maiti wanajua kwamba mufuko wa plastiki huacha alama kidogo sana, pengine hauachi yoyote. Mtu mwenye moyo mugonjwa aliyezibwa pumzi anaweza kuonekana kama mtu aliyekufa kwa moyo. Otopsi inajibu swali la mwili. Haijibu swali la nani alikuwa ndani ya gari. Jibu lile linatoka kwa nywele zilizookotwa na kulindwa, kwa alama za vidole kwenye mlango, kwa daftari ya walinzi yenye kuandika nani aliingia saa ngapi, kwa simu zilizopigwa usiku ule.

Kesi yenyewe ilipita mwaka 2011, ikarudi kwenye korti kuu ya kijeshi mwaka 2015 na azabu zikapungua, kisha ikafunguliwa tena Septemba 2021. Tarehe 11 Mei 2022 Christian Kenga Kenga alihukumiwa kifo, Jacques Mugabo miaka kumi na miwili, Paul Mwilambwe akaachiliwa. Jenerali John Numbi, aliyekuwa mukubwa wa polisi wakati ule, kwenye kesi ya kwanza alisikilizwa kama shahidi tu. Yeye amekana kuhusika. Sheria ya kijeshi ya mwaka 2002 inataka mwenye kuhukumu awe na cheo kisichopungua cha mshitakiwa. Maana yake, cheo kikipanda, korti zenye uwezo zinapungua. Mwili wa Bazana haujapatikana mpaka leo. Watu husema "bila mwili hakuna kesi". Sheria haisemi vile popote, ila bila mwili kila ushahidi mwingine unapashwa kuwa na nguvu mara mbili.

Hapa mashariki kuna tobo lingine, la silaha. Mtu aliyeuawa kwa panga, dosye yake inaenda parke. Aliyeuawa kwa silaha ya vita, hata kama muuaji ni sivili kabisa, dosye inaenda oditora, kwa wanajeshi. Sasa mwenye kubadilisha pesa amepigwa risasi saa moja ya jioni mbele ya duka lake. Ilikuwa AK, ao bunduki ya kuwinda? Ganda la risasi linajibu kwa dakika moja. Ila ganda liko mfukoni mwa mtoto wa jirani, analichezea. Familia inaanza parke, parke inatuma oditora, avoka anauliza nani alisema ni silaha ya vita, na miezi inaenda bila mtu kusikilizwa. Tena ganda lile lina alama ya chuma cha bunduki iliyolifyatua, kila bunduki na alama yake. Maabara ya kulinganisha haiko kwenye makao ya teritware, ni kweli. Lakini ganda lililolindwa ndani ya bahasha yenye tarehe na saini linaweza kungojea. Lililotupwa haliwezi.

Polisi nao wana saa 48 tu za kumushikilia mtu kabla ya kumupeleka mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Ni Katiba, kipengele cha 18. Bila kitu cha kushika mkononi, OPJ fulani wanatafuta njia fupi: fimbo. Mtu anakiri usiku, anakana mbele ya juji, anaonyesha mgongo. Tangu sheria ya tarehe 9 Julai 2011 kutesa mtu ni kosa lenyewe. Kwa hiyo kukiri kule kunaanguka, pengine pamoja na dosye nzima, na kama aliyepigwa ndiye muuaji wa kweli, fimbo ndiyo imemutetea.

Hata akifungwa, haijaisha. Gereza la Kangbayi, Beni, lilishambuliwa Juni 2017, wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Oktoba 2020 tena, zaidi ya 1,300. Kakwangura, Butembo, Agosti 2022, zaidi ya 800. Munzenze, Goma, lilibaki tupu Januari 2025 mji ulipoanguka. Shahidi aliyesema mbele ya korti akiona vile, mara ya pili atanyamaza, na nani atamulaumu?

Kisha kuna karuho. Mtu anakonda, anakohoa, anakufa, familia inasema amelishwa sumu. Kipengele cha 49 kinaazibu kuua kwa sumu, tena kwa kifo. Lakini kuthibitisha sumu kunaomba damu, mkojo ao kipande cha ini kilichochukuliwa mapema na kupelekwa kwenye maabara. Dawa ya panya na dawa za shamba zinaweza kuonekana. Kifua kikuu, ukimwi ao tumbo lililotoboka kwa tifoide nayo yangeonekana. Bila kipimo, kinachobaki ni kidole cha mtu wa maombi ao cha shemeji mwenye kisa cha shamba. Mwaka 2021 huko Kabare, Kalehe na Mwenga, wanawake waliuawa na kundi la watu kwa kushutumiwa uchawi. Kila moja ya vifo vile ni mauaji kamili mbele ya sheria. Ila ni mauaji yenye mashahidi mia mbili na hakuna hata mmoja mwenye "kuona". Hasira inayowasha tairi mara nyingi ilizaliwa na dosye ya zamani iliyokufa, na ile moto inazaa dosye mpya isiyoweza kuishi.

Jambo limekuwa zito zaidi tangu tarehe 13 Machi 2024. Siku ile barua ya wizara ya sheria iliondoa usimamisho wa kunyonga uliokuwepo tangu 2003, kwa usaliti na kwa ujambazi wa mijini wenye kuleta kifo. Wakaaji wengi walifurahi, juu wamechoka kuzika. Lakini dosye yenye karatasi mbili na kukiri kwa fimbo ndiyo ileile itakayotumiwa.

Asubuhi ile, basi, kuna vitu ambavyo havilipwi. Shefu wa avenue anaweza kufunga kamba kati ya miti miwili na kuzuia watu. Mmoja tu anapiga picha: kwa mbali, kwa karibu, kila upande, kabla mwili haujageuzwa, na anachunga simu bila kutuma. Damu ya maiti hushuka upande wa chini na baada ya masaa huacha alama. Alama zikiwa mgongoni na mtu amekutwa kifudifudi, basi mwili uligeuzwa ao ulihamishwa baada ya kifo. Picha inaweza kuonyesha hilo hata baada ya mazishi. Nguo zisifuliwe, zikaushwe, zitiwe kwenye karatasi, si kwenye plastiki, kwa maana plastiki inaozesha damu. Familia inaweza kuomba kwa maandishi muganga aitwe, na kubaki na kopi yenye kupokelewa.

Na namba. Kila dosye iliyofika parke inapewa namba ya RMP. Familia isiyo nayo inaambiwa "rudieni kesho" mpaka inachoka, na kuchoka kuna tarehe: mauaji yanafutika kisheria baada ya miaka kumi, na kosa la kipengele cha 53 baada ya miaka mitatu tu, isipokuwa tendo la uchunguzi limefanyika katikati na kuanzisha hesabu upya. Jinai za vita na dhidi ya ubinadamu hazifutiki. Kwa hiyo jina linaloandikwa juu ya karatasi siku ya kwanza, "kuua" ao "ajali", ndilo linaloamua pia saa itasimama lini. Mtu wa familia anaweza kumuuliza OPJ, palepale: "Umeandika kipengele gani, shefu?"