Kusimama Wima Si Kiburi



Miezi miwili iliyopita, siku ya mshahara, kijana mmoja anayefanya kazi chini ya ardhi alikuja kwenye dirisha letu la biro. Alishika karatasi yake ya mshahara, akasema kwa sauti ya kawaida: « Bwana karani, hapa siku mbili hazikuhesabiwa. Naomba mtazame tena kitabu. » Hakuinamisha kichwa, wala hakujikuna shingo. Nyuma yake mstari mzima ukaanza kucheka: « Muone Muzungu mweusi! » Na sisi makarani, tuliosoma kwa Mapadri, tulicheka kuwapita wote.

Kicheko kile si kipya. Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1948 serikali ya Wabeleji ilianza kutoa karata ya raia mwema, na mwaka 1952 ikaongeza ile iliyoitwa « immatriculation ». Aliyetaka kuheshimiwa ilimpasa aombe. Wakaguzi waliingia hata nyumbani mwake, kutazama jiko lake na namna watoto wanavyokula mezani! Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Mtu aliyepewa heshima kwa ruhusa alisifiwa kuwa ameendelea. Aliyejiheshimu bila ruhusa aliitwa mwenye kiburi.

Basi tarehe 30 Juni 1960, kule Leopoldville, mbele ya Mfalme Baudouin, Lumumba huyo huyo alisimama kusema, na jina lake halikuwa katika orodha ya wasemaji. Alikumbusha, pamoja na mengine, kwamba mtu mweusi aliitwa « tu », na « vous » ikawekwa kwa Wazungu peke yao. Wakongomani waliokuwamo walimpigia makofi. Mfalme alikasirika, na karamu ikachelewa. Je, alisema uongo? Wenye hasira hawakushughulika sana na swali hilo. Waliuliza tu: huyu ni nani hata aseme hivi?

Hasira ya bwana tunaielewa. Mtumishi akisimama wima, bwana hana tena pa kuwekea miguu. Lakini yule wa mstarini, ambaye labda karatasi yake ina kosa lile lile, anacheka nini? Sisi tunafikiri anaogopa. Mwenzake akisema na asifukuzwe, yeye atajiuliza kwa nini amenyamaza miaka kumi. Afadhali acheke.

Wengine watatujibu kwamba kiburi cha kweli kipo. Ndiyo, kipo: ni cha karani anayewafungia watu dirisha kwa sababu chai yake inapoa. Tunamjua vizuri, tunakaa naye katika biro moja.

Kitabu tulikitazama. Siku mbili zilikosekana kweli, na kosa lilikuwa la kalamu yetu. Zililipwa mwezi uliofuata. Msamaha hatujamwomba bado, na tunajua kwamba anasoma gazeti hili.